Pasaka Bila Kuvuka Mkoa: Mwongozo Kamili wa Safari ya Kolo Kutoka Dodoma Mjini

Kila Pasaka ikipita napokea malalamiko yale yale. Mmoja alifika Kolo, kwenye mlima wa michoro ya kale ya miambani kule Kondoa, saa tisa alasiri, wingu limeshaukalia mlima. Mwingine alipandisha watoto wamevaa yeboyebo, wakarudi nusu ya njia wakilia. Wa tatu alifika hadi juu kabisa, akakaa dakika kumi, akashuka na kusema, "Tumeona mawe tu." Wote walitumia mafuta yale yale na wangeweza kuona picha zile zile. Waliponzwa na mpangilio.

Nami sijitoi. Mara ya kwanza niliondoka nyumbani saa tatu asubuhi, kwa kuwa mama watoto alikuwa anamalizia kukaanga kuku. Tulifika saa saba, mvua ikaanza saa nane, na saa tisa nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope nikisukumia matawi chini ya tairi la nyuma. Kuku tulimlia garini, vioo vimefungwa.

Mwongozo huu ni wa familia inayoishi Dodoma mjini, yenye siku nne kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka, na isiyotaka kumaliza mshahara kwenye nauli za Dar es Salaam au Arusha. Utafanya safari moja kubwa tu, Jumamosi. Siku nyingine tatu ni za kanisani, nyumbani na kupumzika. Ukijaza Kolo na mabwawa ya Hombolo na Mtera ndani ya wikendi moja, utakachokumbuka ni dashibodi ya gari.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kusanya hivi kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa Kuu maduka mengi hufunga au hufungua kwa kuchelewa.

- Maji ya kunywa: lita mbili kwa kila mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto, na dumu la lita kumi la akiba garini.
- Viatu vya kufunga: raba au buti, soli yenye meno. Ndala na yeboyebo zibaki nyumbani.
- Kofia, makoti ya mvua, na kanga mbili. Kanga ya kwanza ni ya kubebea mtoto akichoka, ya pili ya kukalia.
- Chakula kisichochacha: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi. Hotpoti ya chapati na chupa ya chai.
- Jembe dogo au sepetu, kamba ya kuvutia gari, tairi la akiba lenye upepo, jeki na spana yake. Jaribu jeki nyumbani.
- Fedha kwenye laini mbili za mitandao tofauti, pamoja na noti ndogo ndogo mfukoni.
- Mifuko miwili ya taka.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: bandeji, dawa ya vidonda, dawa za maumivu, na dawa ya mzio kama kuna mtu mwenye mzio wa nyuki.

Mafuta nayapigia hesabu hivi. Kutoka mjini hadi Kolo ni kilomita kama 180 kwa barabara kuu ya Kondoa na Babati. Kwenda na kurudi ni 360. Ongeza kilomita 18 hivi za njia ya vumbi hadi mlimani na kurudi barabarani. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita litakunywa lita 38. Weka 45, maana njia ya mlimani utaipita kwa gia ndogo. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ambayo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mvua

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kwa Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, huo ni mwisho wa mvua. Ndiyo maana safari hii inapendeza wakati huu: nyasi bado za kijani, alizeti zimefungua vichwa kando ya barabara, na mahindi ya kuchoma yapo kila kijiji. Ndiyo maana pia inaharibika.

Ijumaa jioni angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kisha piga simu kwa mtu yeyote unayemfahamu Kondoa, umuulize swali moja: jana na leo imenyesha? Utabiri unakuambia kesho kutakuwaje. Huyo wa Kondoa anakuambia njia ya mlimani ikoje leo, na hilo ndilo litakaloamua kama utafika.

Kama imenyesha kutwa nzima Ijumaa, hamishia safari Jumatatu. Udongo wa huko ukipata siku mbili za jua hushika.

Onyo: usiahirishe hadi Jumapili. Jumapili ya Pasaka misa huchelewa kutoka, na hutaondoka kabla ya saa tano.

## Hatua ya 2: Ijumaa Kuu, maliza kazi zote za asubuhi ya Jumamosi

Baada ya Njia ya Msalaba mchana unabaki mtupu. Utumie. Kanda chapati jioni, chemsha mayai na viazi, jaza maji, pakia gari, jaza mafuta. Kaya nyingi siku hiyo hazili nyama, hivyo perege au kambale sokoni huisha mapema. Ukihitaji samaki wa chakula cha jioni, pita asubuhi.

Usipike wali wa nazi kwa ajili ya safari. Ukikaa garini kwenye joto hadi saa saba utakuwa umeanza kuchacha, na kuharisha kilomita 180 kutoka nyumbani si jambo la kusimulia. Kuku wa kukaanga naye mwache. Si kwamba ataharibika sana. Ni kwamba lazima mtu amkaange asubuhi, na hapo ndipo saa tatu inapokukuta bado uko jikoni.

Panga nguo za watoto mguuni pa kitanda, soksi ndani ya viatu. Ni jambo dogo linalookoa nusu saa.

Utajua umefanikiwa: ukilala saa tatu usiku, kitu pekee kilichobaki kufanywa asubuhi ni kuchemsha chai.

## Hatua ya 3: Ondoka saa kumi na mbili kamili

Jua la Dodoma kipindi hiki huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Ukitoka saa kumi na mbili, unapofika Makutupora kumekucha na unaona ng'ombe wanaovuka. Ukitoka saa kumi, utaendesha kizani kwenye barabara yenye punda, baiskeli zisizo na taa, na malori yaliyoharibika yakawekewa majani kama alama. Sishauri.

Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho: unapita Msalato, Makutupora, Mayamaya, halafu Chemba, Kondoa, na hatimaye Kolo. Ni laini mno, na laini hiyo ndiyo mtego wake. Vijijini mwendo ni 50, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanajua kabisa ni mteremko gani unaokusahaulisha. Faini moja inakula chakula cha mchana cha familia nzima.

Simama mara moja tu, Kondoa. Jaza mafuta hapo hata kama geji inaonyesha nusu. Watoto waende chooni, nawe nunua vocha na maji ya akiba.

Kwa wasio na gari: panda basi la Babati au Arusha linalopita Kondoa kutoka stendi kuu ya Nanenane, la asubuhi kabisa, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Kolo. Kata tiketi siku mbili kabla na udai tiketi yenye nauli kamili iliyoandikwa, maana nauli zinasimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na sikukuu haizipandishi. Kutoka Kolo utachukua bodaboda hadi chini ya mlima. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, na usimlipe yote mwanzoni. Kurudi, uwe barabarani ifikapo saa nane mchana. Mabasi ya baadaye huja yamejaa.

Utajua umefanikiwa: unaegesha Kolo kati ya saa tatu na saa tatu na nusu asubuhi.

## Hatua ya 4: Anzia ofisini, usianzie mlimani

Wengi hukosea hapa. Ofisi ya kituo cha michoro iko pale pale Kolo, kando ya barabara kuu, na michoro yenyewe ya Mungomi wa Kolo iko kilomita kama tisa ndani. Watu huona kibao, wakajiona wajanja, wakaelekea mlimani moja kwa moja. Huko wanarudishwa, au wanapanda bila mwongozaji na wanakuja kunisimulia kuhusu mawe.

Unahitaji mwongozaji kwa sababu tatu. Kwanza, maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150, yametawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336, na hakuna anayeweza kukisia mwamba upi unao na upi hauna. Pili, Mungomi bado ni mahali pa matambiko. Watu wa pale hupanda kuombea mvua na wagonjwa, na kuna sehemu usizostahili kukanyaga. Tatu, picha nyingi zimefifia, na jicho geni haliziokoti mpaka lielekezwe.

Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Hapo ndipo laini mbili zinapokusaidia: mtandao mmoja ukigoma, unatumia mwingine. Beba kitambulisho cha taifa, kwani ada ya raia ni tofauti na ya mgeni. Piga simu Alhamisi kuhakikisha kwamba kutakuwa na mtu zamu siku ya sikukuu, na uulize ada ya sasa.

Onyo: usikubali kijana atakayekusimamisha barabarani akisema ofisi imefungwa, yeye atakupeleka. Nenda uone mwenyewe.

## Hatua ya 5: Kilomita tisa za ndani

Gari la juu ndilo linalofaa. Kwa gari la chini kama IST, njia ikiwa kavu utakwenda polepole hadi mahali fulani, kisha mtashuka na kutembea. Njia ikiwa na maji, acha gari ofisini, utafute bodaboda.

Makorongo ndiyo ya kuogopa. Korongo kavu asubuhi linaweza kuwa mto alasiri, hata kama pale ulipo halijadondoka tone, kwa sababu mvua imenyesha juu milimani. Kanuni yangu ni hii: kama maji yanatembea na siioni sakafu ya korongo, sivuki. Nashuka, nasubiri. Maji ya mafuriko haya huja kwa kishindo na huondoka vilevile, saa moja au mbili yameshapungua. Nimeshamwona mtu mwenye Noah akinicheka kwa kusubiri. Tulimvuta sisi.

Kwenye tope, usisimamishe gari wala usikanyage mafuta ghafla. Gia ndogo, mwendo ule ule, usukani umetulia. Likikwama, acha kukanyaga mara moja, maana kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Chimbua tope mbele ya matairi, tandika matawi na mawe, watu washuke, ndipo ujaribu tena.

## Hatua ya 6: Kupanda na kuona

Hapa ndipo safari ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mlima una mwinuko mkali. Watu wazima wenye afya wanapanda kwa nusu saa hivi, wenye watoto waweke saa nzima. Mtoto mdogo atangulie, ili mwendo wenu uwe wake. Mzee mwenye magoti mabovu abaki chini kivulini na mkeka na chai, asibishaniwe. Usijipulize manukato wala usiwashe sigara: mapango na mianya ya miamba hukaa nyuki.

Mungomi wa Kolo ina maficho matatu ya miamba, ambayo waongozaji huyaita B1, B2 na B3. Ukifika kwenye la kwanza, usitoe simu. Kaa chini. Tulia dakika tano mpaka jasho likauke na macho yazoee kivuli.

Mwanzoni utaona ukuta wenye madoa ya kutu. Halafu doa moja linakuwa mstari, mstari unakuwa mguu. Mwaka jana mwanangu wa miaka saba ndiye aliyetangulia sote. Alikuwa amelala chali kwenye kanga, akanyoosha kidole: "Baba, hiki kina shingo." Kilikuwa twiga kweli, mwekundu, shingo imefifia katikati lakini masikio yapo. Baada ya hapo kila mtu aliona. Watu warefu wembamba, wengine vichwa vimevimba kama wamevaa kitu. Pofu, yule swala mkubwa. Tembo. Na juu ya baadhi ya michoro myekundu, michoro myeupe mizito, iliyochorwa baadaye na mkono mwingine kabisa.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe kundi la watu ambapo mmoja wa katikati anavutwa na wa pande zote mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona ni mwanamke anayetekwa. Wengine wanaona ngoma au tambiko. Waulize watoto kabla hujawaambia chochote. Binti yangu alisema wanagombania zamu ya kucheza, na mpaka leo sijapata hoja ya kumpinga.

Michoro hii imedumu kwenye miamba hii angalau miaka 2,000, na UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Inaweza kufa kwa wikendi moja, kwa hiyo haya hayana mjadala:

Usiguse. Mafuta na jasho la vidole hula rangi. Usimwagie maji ili "ing'ae". Waliofanya hivyo zamani ndio waliosaidia kuifuta. Usipige picha kwa mwanga wa flashi. Usiandike jina lako hata kwa mkaa. Ukikuta kibuyu, majivu au masalia ya pombe mwambani, acha vilivyo, ni vya watu walioleta maombi yao.

Kwa picha nzuri ya simu, simama pembeni ya mchoro, si mbele yake, ili mwanga wa nje upite juu ya mwamba kwa mshazari. Mistari iliyofifia hujitokeza.

Utajua umefanikiwa: kila mmoja ametaja angalau kitu kimoja alichokiona mwenyewe bila kuonyeshwa.

## Hatua ya 7: Kuleni chini, mwondoke kabla ya saa nane

Msile kwenye maficho. Makombo huvuta nyani na panya, na mkojo wa panya si rafiki wa rangi ya kale. Shukeni, mtafute mti, mtandike. Maganda ya mayai yaingie mfukoni mwa taka pamoja na chupa zote.

Mvua ya kipindi hiki hupenda alasiri. Ukiona mawingu yanajijenga upande wa milima kama pamba iliyorundikwa, usingoje ngurumo. Saa nane uwe umeshapanda lami. Utafika Dodoma saa kumi na moja au kumi na mbili, kukiwa bado na mwanga.

Kama bado una nguvu, nunua mahindi ya kuchoma njiani. Usinunue mkaa; kuusafirisha kunahitaji kibali, na vizuizini hawatakuuliza kuhusu michoro.

## Mpango wa pili: njia ikigoma

Bwawa la Hombolo liko kilomita kama 40 kutoka mjini, linatosha kwa nusu siku. Kuna samaki wabichi, kuna upepo, kuna mashamba ya zabibu jirani. Msimu wa kwanza wa mavuno ya zabibu Dodoma huangukia miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo Pasaka ya Machi mtazikuta, ya mwishoni mwa Aprili huenda mkakuta majani. Omba ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuingia. Watoto wasioge bwawani: maji yaliyotuama ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

## Jumapili na Jumatatu

Jumapili ni ya misa, pilau na wageni. Sina la kukufundisha hapo, isipokuwa moja: Pasaka huja ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo jioni, mwezi ukiwa umeshachomoza na mbingu ikiwa wazi, zima taa za uani na mtandike mkeka nje. Wape watoto mkaa na vipande vya boksi wachore walichokiona Jumamosi. Bibi yao aliyebaki nyumbani atauliza maswali ambayo hamkuyafikiria mkiwa mlimani.

Jumatatu asubuhi osha tope chini ya gari kabla halijakauka likawa kama saruji. Anika raba juani zikiwa zimetolewa soksi na vitambaa vya ndani. Jioni wapeleke watoto Nyerere Square au bustani ya Chinangali wakakimbie, mrudi mapema. Sare za Jumanne zinahitaji kupigwa pasi, na umeme ukikatika saa mbili usiku hakuna atakayekumbuka twiga.